Kupanda gari moshi la mvuke la Nilgiri: mwongozo kwa mtu wa Tanga aliyefika India Kusini

Mtu wa Tanga akienda Chennai au Vellore, mara nyingi ni kwa matibabu, kwa masomo, au anamsindikiza mgonjwa. Kati ya vipimo na majibu hubaki siku tatu nne ambazo daktari hakuhitaji. Siku hizo zinatosha kupanda gari moshi la mvuke linalokwea milima ya Nilgiri kutoka Mettupalayam hadi Ooty, kilomita 46 za msitu, madaraja na mahandaki, na kurudi kabla ya miadi yako. Mwongozo huu ni wa msafiri huyo, na wa wanafunzi wetu walioko Bangalore na Coimbatore ambao ndugu zao wakija lazima wawatembeze mahali.

Reli hii ina undugu na yetu. Ya kwetu ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, na upana wake ni mita moja. Ya Nilgiri nayo ni mita moja kamili, kwa hiyo ukisimama kwenye mataruma yake jicho litaona kitu linachokijua. Lakini yetu ikishapita Muheza na Korogwe huambaa chini ya Usambara na kuiacha milima mkono wa kulia, na anayetaka Lushoto hushuka Mombo akatafuta gari. Tawi lililotoka Tengeni kuingia msituni hadi Sigi halipo tena. Iliyobaki ni nyumba ya mkuu wa stesheni wa Kijerumani, ambayo leo inapokea wageni wa hifadhi ya Amani. Huko Nilgiri waliipandisha reli yenyewe mlimani. Mettupalayam ndiyo Mombo yao, mita 326 juu ya bahari, na Ooty iko mita 2,203, juu sana kuliko Lushoto. Ujenzi ulianza 1891, treni ikafika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908. Tangu 2005 reli hii imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kwanza jua mvuke uko wapi

Kosa linaloharibu safari za watu wengi hufanyika wiki kadhaa kabla, kwenye tikiti. Safari ina vipande viwili. Kutoka Mettupalayam hadi Coonoor, kama kilomita 28, ndiko kwenye msitu mzito, reli ya meno (reli ya tatu ya katikati ambayo gia ya injini huishika ili kupanda) na injini ya mvuke. Kutoka Coonoor hadi Ooty kwa kawaida huvuta injini ya dizeli, na mandhari yake ni chai, mikaratusi na vijiji. Sasa, kati ya Coonoor na Ooty zipo treni kadhaa kwa siku, na tikiti zake hupatikana kwa urahisi. Mgeni anafika Ooty kwa basi, anaona treni ya buluu, anakata tikiti ya kwenda Coonoor, anarudi Chennai akiamini amepanda gari moshi la mvuke, kumbe amepanda dizeli mwanzo hadi mwisho.

Treni unayoitaka ni moja kwa siku kila upande. Ya kupanda ni namba 56136, inaondoka Mettupalayam saa 1:10 asubuhi na kufika Ooty karibu saa 6 mchana. Ya kushuka ni namba 56137, inaondoka Ooty saa 8:00 mchana na kufika Mettupalayam baada ya saa 11 jioni. Ukiweza moja tu, chukua ya kupanda. Hapo injini inafanya kazi yake yote, unaisikia inavyohema, na msitu unaupata kwa mwanga wa asubuhi kabla mawingu hayajafunga bonde.

Hapa kuna mtego wa saa unaomhusu Mswahili hasa. Tikiti za India zimeandikwa kwa saa 24: 07:10 ni saa moja na dakika kumi asubuhi, si saa saba. Na 14:00 ni saa nane mchana. Ziandike saa zote kwa Kiswahili nyuma ya karatasi yako siku hiyo hiyo ya kukata tikiti, na umsomee mwenzako kwa sauti. Ratiba hubadilishwa mara moja moja, kwa hiyo saa iliyochapwa kwenye tikiti ndiyo ya kuifuata.

Kukata tikiti

Tikiti zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari, saa 2:00 asubuhi ya India. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo Tanga ni saa 11:30 alfajiri. Miezi ya Aprili na Mei, shule za India zikifunga na joto la bondeni likizidi, viti vya treni ya kupanda huisha mara tu vinapofunguliwa. Januari hadi Machi kuna nafuu, hasa katikati ya wiki.

Mtandao wa kukatia ni wa IRCTC, shirika la tikiti la reli za India. Mgeni anaweza kufungua akaunti kwa pasi ya kusafiria na kwa kulipa ada ndogo, lakini zipo kero mbili. Kadi za benki za nje hukataliwa mara kwa mara. Halafu siku ya kufunguliwa tikiti, wenye akaunti zilizothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha wakazi wa India, ndio wanaotangulizwa. Kwa sababu hizo tunashauri dirisha. Stesheni yoyote kubwa ya India yenye ofisi ya kuweka nafasi hukata tikiti ya treni hii, si lazima uwe Mettupalayam. Mwanafunzi wetu aliyeko huko, au mwenyeji wa nyumba mliyopanga, aende asubuhi na mapema akajaze fomu: namba ya treni, tarehe, stesheni ya kupandia na ya kushukia, kisha jina, umri na jinsia ya kila abiria. Fomu moja inachukua watu sita. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi. Mtu anayeitwa Mwanahamisi kwenye pasi asiandikwe Bi Mwana.

Stesheni zina herufi zake, na zikikosewa unapata treni nyingine kabisa. Mettupalayam ni MTP, Coonoor ni ONR, Ooty ni UAM. Jina la Ooty kwenye orodha halimo kwa tahajia hiyo. Limo kwa jina lake refu la Kitamil, Udagamandalam, na wengine hulitafuta hadi wakakata tamaa.

Madaraja ya viti ni mawili. La pili ni mabenchi ya kutazamana, magoti kwa magoti. La kwanza lina viti laini na nafasi zaidi, nalo hukaa mbele kabisa ya treni. Kwa kuwa injini inasukuma kutoka nyuma, wa mbele hawana kinachowaziba: wanaiona reli, handaki na daraja kabla treni haijafika. Ukilipata la kwanza usiliache. Ukilikosa, la pili halikunyimi sauti wala harufu ya msitu, na madirisha yake yanafunguka.

Tikiti ikitoka, tazama neno lililo mbele ya jina lako. CNF maana yake una kiti. RAC kwa treni za usiku maana yake utapanda, lakini kitanda mnagawana wawili hadi apatikane asiyekuja. WL ni orodha ya kusubiri. Tikiti ya mtandaoni ikibaki WL mpaka orodha ya abiria inapotolewa, inafutwa yenyewe na hela inarudishwa, na huruhusiwi kupanda nayo. Ukiona WL yenye namba kubwa usisubiri muujiza. Jaribu treni ya kushuka ya siku hiyo hiyo, ambayo huwa haijai sana kama ya kupanda, na kati ya Coonoor na Mettupalayam ni mvuke vilevile. Zipo pia nafasi chache zisizowekwa mapema, zinazouzwa asubuhi dirishani Mettupalayam, lakini foleni yake huanza gizani na hatuwezi kumshauri mwenye mgonjwa au mtoto mdogo ategemee hiyo.

Kufika Mettupalayam

Kutoka Chennai, treni ya kuipanda ni Nilgiri Express, namba 12671. Inaondoka Chennai Central baada ya saa 3 usiku na kufika Mettupalayam karibu saa 12 na nusu asubuhi, na gari moshi la mlimani limepangwa liiunge. Aliyeko Vellore asirudi Chennai kuifuata. Treni hiyo inapita Katpadi, stesheni iliyo jirani ya Vellore, karibu saa 5 usiku. Hizo ni tikiti mbili, na tarehe zake ni mbili: ya usiku ni ya leo, ya mlimani ni ya kesho. Watu huweka tarehe moja kwa zote, na wanapofika asubuhi kiti chao kilishaondoka jana.

Ukiwa na mzee au mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji, nendeni mchana, mlale Coimbatore au Mettupalayam kwenyewe. Kulala kwenye treni na kuamka kukimbilia nyingine kunachosha hata mzima. Hoteli yoyote itataka pasi halisi na visa, si picha ya simu, kwa kuwa sheria inawataka wawaandikishe wageni wote.

Mizigo mikubwa iacheni mlikopanga. Mabehewa ya mlimani ni madogo na hayana pa kuweka sanduku. Begi la mgongoni linalokaa mapajani linatosha. Ndani yake weka sweta, mtandio au kikoi cha kujifunika, miwani ya jua, dawa za siku mbili, noti ndogo ndogo za rupia, na chupa ya maji ya chuma. Chupa si jambo dogo: wilaya ya Nilgiri imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, na hukaguliwa. Kanzu nyeupe au gauni jeupe liache. Injini nyingi za reli hii ambazo zamani zilichoma makaa ya mawe sasa zinachoma mafuta, na moshi wake ndani ya handaki huacha masizi yenye utelezi yasiyotoka kwa maji peke yake. Mwenye buibui refu alikunje vizuri wakati wa kupanda na kushuka, kwani ngazi za behewa ni nyembamba na ziko juu.

Kuleni kabla ya kuondoka. Stesheni na mitaa ya karibu wanauza idli, mithili ya vitumbua vilivyopikwa kwa mvuke badala ya mafuta, pamoja na vada na chai. Vyakula vya mboga tupu viko kila mahali, kwa hiyo anayetafuta halali hapati taabu. Halafu nendeni msalani. Ndani ya mabehewa hakuna choo, na nafasi inayofuata ya uhakika ni Hillgrove, zaidi ya saa moja mbele.

Kallar, penye meno

Kilomita saba nane za kwanza treni inakwenda kama treni nyingine, katikati ya mashamba ya mipopoo, popoo ileile inayotafunwa na tambuu kwetu. Kisha inafika Kallar, na hapa kila mtu awe macho.

Chungulia katikati ya reli mbili. Utaona imeanza ya tatu, nayo si chuma kimoja. Ni bapa mbili zimesimamishwa sambamba, kila moja imekatwa meno kama msumeno mnene, na meno ya bapa moja yamepishana na ya mwenzake, hata jino la huku likaelekea pengo la kule. Ni mfumo wa Roman Abt, mhandisi wa Uswisi. Meno yamepishana ili gia ya injini isipate nafasi ya kukosa kushika: jino moja linapotoka, jingine la upande wa pili limeshaingia. Hivyo treni haigutuki, na uzito wote hauangukii jino moja.

Bila meno hayo hakuna safari. Kutoka Kallar kwenda juu, mahali pakali pana mwinuko wa moja kwa kumi na mbili: ukienda mbele mita 12 umepanda mita 1. Gurudumu laini la chuma juu ya reli ya chuma iliyolowa umande haliwezi kushika hapo, litazunguka palepale.

Dereva hulikaribia jino la kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kipande cha mwanzo cha reli ya meno kimekalia springi. Gia ikikikuta vibaya, jino kwa jino, kinabonyea na kujisogeza mpaka jino lipate pengo lake. Kaa kimya wakati huo usikie: kuna mkwaruzo, kisha mshindo mmoja mzito chini ya sakafu, kisha sauti ya injini inabadilika. Injini hizi, zilizobuniwa na kiwanda cha SLM cha Winterthur, Uswisi, zina mitungi minne ya mvuke. Uwandani hufanya kazi miwili tu, inayozungusha magurudumu. Zikishaingia kwenye meno, mvuke uliokwisha kazi katika ile miwili haupulizwi nje, unapelekwa katika miwili mingine, inayozungusha gia. Mvuke uleule unafanya kazi mara mbili. Ndiyo maana mapigo ya bombani yanakuwa mazito na ya taratibu, na mwendo unashuka hadi kilomita 13 kwa saa.

Wengi huuliza kwa nini injini inasukuma kutoka chini badala ya kuvuta kutoka juu. Fikiria kiungio cha mabehewa kikikatika katikati ya mlima. Injini ingekuwa mbele, mabehewa yangeporomoka hadi Kallar. Ikiwa chini, hayana pa kwenda, yameegemea injini. Lakini dereva aliye nyuma haoni mbele, kwa hiyo kila behewa lina mtu wake wa breki, amesimama kwenye kibaraza cha mbele akiwa na bendera. Wa behewa la kwanza ndiye jicho la treni nzima: anaonyesha bendera, mwenzake anaipokea na kuipeleka nyuma, na dereva hujibu kwa kupiga honi, nao hufunga au kufungua breki kwa mkono kufuatana na mlio. Mtu huyu asizibwe wala kusemeshwa wakati treni inakwenda, hata kama kibaraza chake ndicho chenye picha nzuri.

Msituni

Kati ya Kallar na Coonoor kuna stesheni za Adderley, Hillgrove, Runnymede na Kateri Road. Nyingine ni vibanda vitupu msituni, lakini injini inahitaji maji njiani, na hapo ndipo mnaposimama. Hillgrove ndiyo ya kutegemea: ina choo, chai na vitafunwa. Mnapewa dakika kama kumi. Kima wa pale wamezoea abiria na wanaingia hata dirishani. Mfuko wa karanga au kashata ukiwa wazi mapajani si wako tena. Kula ukiwa umesimama karibu na watu wengine, na usimpe kima hata punje, kwani aliyelishwa leo ndiye atakayemng'ata mtoto kesho.

Tembo nao huvuka reli katika misitu hii. Treni ikisimama mahali pasipo na stesheni, sababu yaweza kuwa hiyo, au jiwe lililoanguka. Bakini ndani. Aliyeshuka upande wa bonde anaweza kukuta hana pa kukanyaga.

Njia yote ina mahandaki 16, madaraja kama 250 na kona 208. Bonde linahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine kila baada ya kona chache, kwa hiyo msigombee upande wa dirisha, badilishaneni. Kwenye handaki mwamba uko karibu sana na behewa. Mkono, kichwa na simu virudi ndani mara tu honi inapolia, na miwani ikusaidie dhidi ya chembe za masizi. Chembe ikiingia jichoni usifikiche, osha kwa maji safi ya chupa. Anayetaka kupiga picha ya injini yenyewe afanye hivyo Mettupalayam kabla ya kuondoka au kwenye kituo cha maji. Ukiwa ndani utaiona kwenye kona kali tu, ikitokea nyuma kwa chini na moshi wake umelalia miti.

Mnafika Coonoor kama saa 4 na nusu. Hapa reli ya meno imekwisha na injini ya mvuke inakatwa. Shukeni mkaitazame ikitolewa, kwani karakana yake iko hapohapo. Kisha dizeli inafungwa na mnakwenda saa moja na zaidi kupitia Wellington, Aravankadu, Ketti na Lovedale. Aliyewahi kupita mashamba ya chai ya Usambara Mashariki atayatambua haya kwa rangi na kwa jinsi yalivyonyolewa. Kama muda wenu ni mdogo, si vibaya kuishia Coonoor na kurudi kwa basi.

Mvua, baridi na mgonjwa

Oktoba hadi Desemba ndiyo miezi ya kuogopa. Mvua za kaskazini mashariki huangukia upande huu wa mlima, udongo unaporomoka juu ya reli kati ya Kallar na Coonoor, na treni husimamishwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Anayejua barabara ya Mombo hadi Lushoto wakati wa masika anaelewa tunachosema. Treni ikifutwa kabisa, tikiti ya mtandaoni hurudishiwa hela yake yenyewe. Ya dirishani inabidi uirudishe dirishani. Usipange miadi ya hospitali siku inayofuata safari hii katika miezi hiyo. Mkilazimika kupanda kwa teksi, mwulizeni dereva kama ana kibali cha mtandaoni cha gari kuingia Nilgiri, kinachotakiwa tangu 2024. Abiria wa treni hawakihitaji.

Mettupalayam mtaondoka mkitokwa jasho, Ooty mtafika mkitafuta sweta. Usiku wa Desemba na Januari baridi ya huko inapita ya Lushoto ya Julai. Hili kwa mgonjwa si la kupuuza. Mwenye ugonjwa wa moyo, mapafu au upungufu mkubwa wa damu amwulize daktari wake kama anaruhusiwa kupanda hadi mita 2,200. Mwenye selimundu aulize kwa uzito zaidi, kwani baridi, kukosa maji ya kutosha na hewa nyepesi ya milimani ni vitu vinavyoweza kuamsha maumivu, na kwenye treni hii watu hujinyima maji kwa kuogopa kukosa choo. Kama hukuruhusiwa, muda wa kutosha kukaa Mettupalayam asubuhi, kuitazama injini ikipashwa moto na kuondoka, nao una raha yake, na hakuna mlima wa kupanda.

Kushuka na kurudi

Mkilala Ooty, kesho yake shukeni na treni ya saa 8:00 mchana. Safari ya kushuka ni fupi kwa saa moja na zaidi, na sasa injini iko mbele, chini, ikiyazuia mabehewa. Mitungi yake hugeuzwa kazi: badala ya kusukumwa na mvuke, inabana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoshika uzito wa treni. Msikilize mtu wa breki anavyokaza na kulegeza. Akinyamaza muda mrefu jua mmekaribia Kallar.

Mnafika Mettupalayam baada ya saa 11 jioni. Nilgiri Express ya kurudi, namba 12672, inaondoka baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo kuna nafasi ya kuoga, kusali na kula bila haraka. Oshea masizi sabuni kwanza, maji baadaye. Anayeshuka Katpadi kwenda Vellore aweke kengele ya simu saa 9 na nusu usiku, kwa maana treni inafika pale kabla ya mapambazuko, inasimama dakika chache, na mara nyingi hakuna wa kukuamsha.